Mkaguzi wa Taka na Chachu ya Mengia

Mkaguzi Duri Caflisch alipiga goti kwenye sakafu ya stoo ya chini, akavaa glavu zake za njano, akasogeza pua hadi ikakaribia kugusa rafu.

“Unanusa nini?” aliuliza Mengia Luzi kutoka mlangoni.

“Sabuni.”

“Nimekuita unitafutie chachu, wewe unanusa sabuni!”

“Mengia, nisikilize. Aliyechukua chachu yako amepangusa rafu kabla ya kuondoka. Umewahi kuona mwizi wa namna hiyo?”

Mengia hakuwahi kuona mwizi wa namna yoyote. Kijiji cha Sulvaun hakikuwa na wezi, na kwa hiyo hakikuwa na polisi. Asubuhi ile alikuwa amepiga simu kwa polisi wa bondeni, na kijana aliyepokea alimwuliza mara mbili kama ni chachu ile ya mkate, kisha akamshauri akanunue hamira dukani. Mengia alimkatia simu, akavuka barabara, akagonga mlango wa pekee kijijini uliokuwa na neno “Upelelezi”. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa “wa Taka”.

Kazi ya Duri ilikuwa ndogo lakini aliifanya kwa moyo. Kijiji kilipoanza kutoza watu kwa ukubwa wa mfuko wa taka wanaoujaza, huku chupa, karatasi, makopo na maganda vikichukuliwa bure, watu wa Sulvaun walijifunza mengi. Walijifunza kukunja, kubana na kukamua. Wachache walijifunza pia kutupa msituni mifuko isiyo na muhuri wa malipo, na kwa ajili ya hao wachache kulikuwa na Duri, glavu zake na koleo lake refu.

“Nieleze tena chachu ilikuwaje,” alisema.

“Ya shangazi Barbla. Alinipa siku aliyoniachia tanuri. Nailisha unga na maji kila siku, nachota kiasi, inayobaki inaendelea kukua. Mkate wangu wote mweusi unatoka humo.”

“Chombo?”

“Chupa ya kioo ya kijani, mdomo mpana. Kifuniko cha kioo, kibano cha waya, pete ya mpira ya rangi ya chungwa.”

“Nani mwingine ana chachu hiyo?”

“Hakuna. Sijawahi kumpa mtu hata kijiko.” Mengia alisema hivyo kwa fahari, kisha akasikia alichokisema, akaketi kwenye ngazi. “Duri, sina nyingine. Nikitumia hamira ya dukani nitakuwa kama duka lolote la bondeni, na la bondeni linauza bei ya chini kuliko mimi. Nitafunga. Tanuri limepoa. Liguse uone, limepoa kabisa.”

Duri hakwenda kuligusa. Aliitazama ile rafu safi ya chini, karibu na mlango.

“Mbona uliiweka chini? Siku zote naiona juu ya meza dukani.”

“Nilikwenda ubatizo kwa dada yangu. Joto lote hili, ningeiacha mezani ingefura hadi barabarani. Pale chini ndipo penye baridi.”

“Kuna kingine kilichopotea?”

“Hakuna.”

“Fikiri vizuri.”

Mengia alifikiri. “Labda magazeti ya zamani. Na sahani iliyopasuka. Vilikuwa hapo hapo.”

“Mwizi gani anaiba magazeti ya zamani na sahani iliyopasuka?”

“Risch Derungs,” alisema Mengia bila kusita.

*

Risch Derungs, mwenye hoteli kando ya mto, aliwafungulia mlango wa jikoni akiwa na unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo.

“Karibu, Duri,” alisema. Kisha akamwona aliyefuata. “Ah. Na wewe.”

“Na mimi,” alisema Mengia, ambaye alikuwa ameambiwa abaki nyumbani. “Huo unga usoni umetoka wapi?”

“Hoteli ina jiko. Jiko lina unga. Ulitaka niwe na nini usoni, poda?”

“Mara ngapi umeniomba chachu yangu, Risch? Sema mbele ya mkaguzi.”

“Kila Krismasi.”

“Na mimi nikasemaje?”

“Kila Krismasi ulinipa keki ya njugu ukasema nitosheke.”

Duri aliinua mkono. Jikoni hakuona chupa ya kijani. Aliona bakuli lililofunikwa kwa taulo, na ndani yake donge la kijivu lililolala kama paka mgonjwa. Pembeni ya mlango kulikuwa na mfuko wa taka wa kijiji, umefungwa vizuri, una muhuri mwekundu.

“Nitazame mfuko wako,” alisema.

Rangi ilimtoka Risch chini ya unga. “Wa nini? Ni mfuko halali. Muhuri huo hapo.”

“Muhuri nimeuona. Nataka kuona tumbo.”

“Duri, tumesoma darasa moja.”

“Ndiyo maana nakuomba badala ya kukuamuru.”

Duri aliuinua mfuko, akaurudisha chini haraka akishika kiuno. Aliufungua hapo hapo sakafuni. Ndani hamkuwa na chupa. Kulikuwa na mikate. Mikate bapa, ya rangi ya lami, mmoja juu ya mwingine. Duri alitoa mmoja, akaugonga juu ya meza. Meza ndiyo iliyolia.

“Huu wa lini?”

“Wa leo,” alisema Risch akitazama dirishani.

“Na huu?”

“Wa jana. Ile mingine usiniulize.”

“Risch, mkate unakwenda kwenye pipa la mabaki ya chakula. Bure. Wewe unanunua mfuko ili utupe kitu kinachochukuliwa bure?”

“Pipa la mabaki liko barabarani!” Sauti ndogo ya Risch ilipanda ghafla. “Kila mtu analifungua! Mwalimu Nesa analifungua hata akiwa hana cha kutupa! Ulitaka kijiji kizima kije kuhesabu aibu yangu? Najaribu kutengeneza chachu yangu mwenyewe. Haikubali. Basi, nimekiri, nifunge.”

Mengia alikuwa tayari amefungua mdomo, lakini Duri alimpa ule mkate wa asubuhi.

“Chachu yako ikiingia kwenye unga, inafanya nini?”

“Inapanda. Hata mtu akikanda amefumba macho, inapanda.”

“Basi tazama huo.”

Mengia alijaribu kuumega. Alijaribu kwa magoti. Mwishowe aliunusa tu, na uso wake ukapoteza hasira kidogo kidogo.

“Duri,” alisema, “huyu hana chachu yangu. Huyu hana chachu yoyote.”

“Asante,” alisema Risch. Kisha akagundua kwamba hakusifiwa.

Duri aliufunga mfuko. “Mikate itoe, uipeleke panapostahili. Mchana kweupe. Hiyo ndiyo adhabu yako.”

*

Walirudi kwa miguu. Ilikuwa siku ya kuchukuliwa taka, na mbele ya kila nyumba mifuko ilikuwa imepangwa ukingoni mwa barabara, yote ya aina moja, yote na muhuri mwekundu. Karatasi nazo zilikuwa zimetolewa, marundo kwa marundo. Mbele ya duka la Mengia kulikuwa na rundo la magazeti lililofungwa kwa uzi uliopishana katikati, kingo zote zimelingana kama matofali ya kanisa. Duri alisimama.

“Haya ya nani?”

“Ya nyumba yetu.”

Duri alichuchumaa. Gazeti la juu lilikuwa limefunuliwa kwenye ukurasa wa fumbo la maneno. Nusu ya visanduku ilijazwa kwa kalamu ya risasi.

“Hilo fumbo langu!” alisema Mengia. “Lilinishinda, nikaliacha. Lilikuwa kwenye ile rafu.”

“Halikuachwa hivyo. Limemaliziwa.”

Kweli, nusu nyingine ilijazwa kwa wino mwekundu. Na kwenye swali la mto usiofika baharini, jibu la Mengia lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, na juu yake limeandikwa jibu sahihi. Pembeni kulikuwa na alama: nne kati ya sita.

“Nani katika kijiji hiki,” alisema Duri taratibu, “ana kalamu nyekundu na anatembea nayo hadi stoo?”

Wote wawili waliinua macho kwenye dirisha lililo juu ya duka.

*

Mwalimu Nesa Bundi alikuwa amewafundisha wote wawili kusoma, na alikuwa hajaridhika bado. Aliwafungulia mlango, akawatazama miguuni, akawaonyesha malapa ya wageni. Duri alipata ya maua.

“Kaeni. Duri, mgongo.”

Duri alinyoosha mgongo. “Mwalimu, nina maswali machache ya kiupelelezi.”

“Uliza kwa sauti.”

“Ulishuka stoo wakati Mengia hayupo?”

“Nilishuka. Hashuki mwingine. Nyumba hii ina watu wengi wanaonunua mifuko na mmoja tu anayejua kuipakia.” Alisema hivyo bila majivuno, kama anayetaja hali ya hewa. “Tulikubaliana: rafu ya chini karibu na mlango ni ya vitu vya kuondoka. Mimi navipanga, kila kitu kinakwenda kwake, na kinachobaki nakibana kwenye mfuko wa wote. Nyumba nzima mfuko mmoja mdogo. Waulizeni nyumba ya pili wanatumia mingapi.”

Mengia alifunika uso kwa mikono. “Ile rafu. Mungu wangu, ile rafu. Niliweka kwa ajili ya baridi!”

“Rafu ya chini si ya baridi. Ni ya kuondoka.”

“Ilikuwa chachu ya shangazi Barbla!”

“Ilikuwa na maji meusi juu,” alisema Mwalimu Nesa, polepole kuliko mwanzo. “Na harufu ya soksi. Nilidhani imekufa.”

“Inakuwa hivyo ikiwa na njaa! Ilikuwa na njaa tu!”

“Mwalimu,” alisema Duri, “tuambie ulichofanya. Hatua kwa hatua.”

Mwalimu Nesa alikunja mikono mapajani. Akaanza, na kwa mara ya kwanza Duri alimsikia akisoma somo lake bila raha. Kilichokuwa ndani alikitia kwenye pipa la mabaki. Gari la mabaki lilishapita.

“Kwa hiyo iko wapi sasa?” alinong’ona Mengia.

“Kwenye mtambo unaogeuza mabaki kuwa gesi, bondeni. Nadhani wanaipikia kahawa.”

Mengia alitoka kwenye kiti, akaketi sakafuni.

“Chupa?” aliuliza Duri.

“Kwenye tangi la chupa za kijani. Na kifuniko.”

“Uliiosha?”

“Kwa maji ya moto. Kwa brashi. Mara mbili.”

“Mara mbili,” alirudia Mengia kwa sauti ya mtu anayesikia tarehe ya mazishi.

“Waya?”

“Kwenye chuma chakavu. Nao niliusugua.”

Mwalimu Nesa alitoa leso mfukoni, akaikunja vipande vinne, akairudisha bila kuitumia. Duri alikuwa akikunja vidole vyake, kimoja baada ya kingine: kilichomo, chupa, kifuniko, waya. Kikabaki kidole.

“Pete,” alisema. “Ile pete ya mpira. Ilikwenda wapi?”

“Mpira hauna pa kwenda. Si kioo, si chuma, si karatasi. Mpira unaingia mfukoni, unakwenda kuchomwa.”

“Uliiosha?”

Mwalimu Nesa alimtazama kama vile ameandika jina lake vibaya. “Duri Caflisch. Nioshe kitu kinachokwenda kuchomwa? Hayo maji nayo yanatoka wapi?”

Duri alisimama. “Mengia! Ukifunga ile chupa, chachu inaingia chini ya pete?”

“Inaingia kila siku. Inaganda pale kama matope, naikwaruza kwa ukucha.” Mengia alianza kuinuka. “Duri!”

“Ili ifufuke, unahitaji kiasi gani?”

“Kiasi cha ukucha!”

“Mwalimu, mfuko uko wapi?”

“Nje. Tangu asubuhi, kama sheria inavyosema.”

Kutoka barabarani, chini ya dirisha, ulisikika mlio wa breki ya lori, kisha mngurumo wa kitu kinachobanwa.

*

Curdin, dereva wa lori la taka, alisimulia baadaye kwamba aliona mtu mzima akitoka mbio nyumbani kwa watu akipunga koleo, na nyuma yake Mengia wa mikate bila lapa moja.

“Simamisha! Kwa amri ya kijiji!”

Curdin alizima mashine ya kubana. Alimtazama Duri kutoka kichwani hadi chini. “Kaka, hayo malapa ya maua ndiyo sare mpya?”

“Mfuko wa nyumba hii! Umeshautia?”

“Nimeutia. Na wa jirani. Na wa posta. Uko humo na wenzake.”

Duri alipanda nyuma ya lori, akachungulia. Mifuko ilijaa hadi ukingoni, yote ya rangi moja, yote na muhuri mmoja. Mengia alipanda pia, akaona, akashika mdomo.

“Yote sawa,” alisema. “Duri, yote ni sawa.”

Duri aliitazama mmoja mmoja. Kila mfuko ulikuwa mviringo, umevimba hapa na kulegea pale, kama mfuko wowote uliojazwa na binadamu wa kawaida. Isipokuwa mmoja. Katikati ya rundo, karibu na meno ya mashine, kulikuwa na mfuko wenye pembe nne.

“Ule,” alisema. “Ule wenye kona.”

Waliutua barabarani, na ulipogusa lami ulitoa sauti ya sanduku. Duri aliufungua kwa mikono yake miwili. Kilichokuwa ndani hakikuwa kimejazwa, kilikuwa kimejengwa. Alitoa vifuko vya plastiki vilivyokunjwa kama leso, pakiti za maziwa zilizopigwa bapa, kandambili iliyokatwa vipande, mirija ya dawa ya meno iliyokunjwa hadi tone la mwisho. Alitoa, akatoa, rundo likamfika magotini, na mfuko bado ulikuwa na kitu.

“Huu ni mfuko au ghala la jeshi?” aliuliza Curdin.

“Pete haimo!” Mengia alikuwa akichambua kwa vidole vyote kumi. “Haimo, Duri!”

“Kitu kidogo kinawekwa ndani ya kitu kitupu,” ilisema sauti nyuma yao. Mwalimu Nesa alikuwa amefika, amevaa viatu, kamba zimefungwa. Lakini alikuwa amesahau miwani, na alikuwa akihema. “Fungua pakiti ya maziwa. Si hiyo. Ya pili. Ndani yake kuna kopo la plastiki la krimu. Ndani ya kopo.”

Mengia alifungua pakiti. Akafungua kopo. Pete ya rangi ya chungwa ikaanguka kiganjani mwake, na upande wake wa chini ulikuwa na utando mkavu wa kahawia, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Aliinusa. Kisha akaibusu, mbele ya watu, na Curdin akageukia upande wa mto.

“Sasa rudisheni hizo taka,” alisema Curdin. “Nina kijiji kingine.”

Duri alijaribu. Nusu ya vitu ilipoingia, mfuko ulikuwa umejaa. Alibana kwa goti, alibana kwa kiwiko, akatazama rundo lililobaki, ambalo kwa sheria lilihitaji mifuko miwili zaidi.

“Sogea,” alisema Mwalimu Nesa. Akapiga magoti barabarani. Lori likamsubiri hadi kona zote nne zikarudi.

*

Mengia aliitia pete kwenye glasi yenye maji ya vuguvugu na kijiko cha unga, akaiweka kwenye meza ya duka, mbali kabisa na stoo. Siku iliyofuata glasi ilikuwa kimya. Watu waliingia kununua maziwa ambayo hawakuyahitaji, wakachungulia, wakatoka bila kuuliza. Mengia alilisha, akakoroga, akangoja. Mwalimu Nesa alishuka kila saa akisema amekuja kutazama kama kuna karatasi za kufunga.

Asubuhi nyingine, Duri alipofika, aliwakuta wote watatu wameinama mezani: Mengia, Mwalimu, na Risch, ambaye aliwaambia alikuwa anapita tu, ingawa duka halikuwa njiani kwenda popote.

“Kimya,” alisema Mengia. “Tazameni pale pembeni.”

Walitazama. Juu ya uji wa kijivu palifura kitu kidogo, kikang’aa, kikapasuka. Kisha kingine. Kisha viwili kwa pamoja.

“Imepumua,” alisema Mwalimu Nesa. Akatoa leso yake, na safari hii akaitumia.

Mengia alikwenda nyuma, akawasha tanuri. Akakaa huko muda mrefu. Chachu ilipofika ukingo wa glasi alirudi na vikombe vitatu vitupu vya chai, akachota chachu kidogo kwa kijiko, akatia katika kila kimoja. Mkono wake ulisita katika kijiko cha kwanza tu.

“Hiki chako, Mwalimu. Hiki chako, Duri, ukiiua nakushtaki. Na hiki.”

Risch alikipokea kikombe kwa mikono yote miwili, mikono ile mikubwa, akakiinamia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

“Anakula nini?” aliuliza kwa ile sauti yake ndogo.

“Unga na maji.”

“Na akikataa?”

Mengia alijifuta mikono kwenye aproni, akatazama mlango, akatazama tanuri, akatazama kila kitu isipokuwa Risch.

“Unaniita,” alisema.